Laptopu ya zamani imekuwa nzito ghafla: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Goma

Ukurasa huu ni wa mwenye laptopu iliyokuwa ikienda vizuri, halafu siku moja ikaanza kujikokota. Mashine nyingi za Goma zilifika zikiwa zimeshatumika na zina Windows ya Kifaransa, kwa hiyo majina ya vitufe yameachwa jinsi yanavyoonekana kwenye skrini. Kama una haraka kwa sababu ya TFC (kazi ya kumaliza masomo chuoni) au ripoti ya kesho, soma swali la 1, la 2 na la 7, mengine utayarudia baadaye.

## Mwanzo kabisa

1. Jana ilikuwa nzima, leo inachukua dakika nyingi kuwaka. Nianzie wapi?

Bonyeza Redémarrer, si Arrêter. Windows 10 na 11, ukiizima kwa Arrêter, mara nyingi huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha vilevile ukiwasha tena, pamoja na hitilafu iliyokuwa nayo. Redémarrer huanza upya kabisa. Wapo wanaozima na kuwasha wiki nzima bila mashine yao kuanza upya hata mara moja.

Ikishawaka, iache robo saa bila kufungua chochote. Kama bado ni nzito, nenda swali la 2 kabla ya kufuta, kununua au kufomati kitu chochote.

2. Gestionnaire des tâches naifungua vipi, na niangalie nini?

Ni dirisha linaloonyesha programu zinazoendelea na jinsi zinavyotumia mashine. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye kibodi ya Kifaransa, Shift imeandikwa Maj na Esc imeandikwa Échap. Likitokea dirisha dogo, bofya Plus de détails. Utaona safu zenye asilimia: Processeur, Mémoire, Disque, Réseau. Zitazame dakika chache bila kugusa kitu. Ile inayong'ang'ania juu ya 90% ndiyo ya kufuata.

Disque ikiwa 100%, nenda swali la 5. Mémoire ikiwa imejaa, nenda la 18 na la 19. Processeur ikiwa juu ilhali hufanyi kazi yoyote, nenda la 15 na la 16.

Kuna hali ya nne ambayo mafundi wengi huiruka: hakuna programu inayokula kitu, na bado mashine inajikokota. Hapo fungua Performance, chagua Processeur, kisha linganisha namba mbili: Vitesse, yaani mwendo wa sasa, na Vitesse de base, mwendo wa kawaida. Fanya hivyo huku unafungua programu nzito, kwa sababu prosesa iliyopumzika hushuka yenyewe na hilo si kosa. Kama Vitesse de base ni 2,4 GHz na Vitesse imeganda kwenye 0,4 au 0,8 GHz wakati wa kazi, kuna kitu kinaibana prosesa. Mara nyingi ni joto, swali la 10, au chaja, swali la 12.

3. Si uzee tu?

Uzee hauji usiku mmoja. Mashine ya miaka kumi huwa nzito polepole, kadiri programu zinavyokua. Ikibadilika ghafla, kuna kitu kimoja kimebadilika, na kwa kawaida kitu hicho kinatafutika.

4. Fundi anasema tufomati. Nikubali?

Usikubali mpaka akueleze sababu. Kufomati hutibu virusi na Windows iliyoharibika. Hakutibu diski inayokufa, feni iliyoziba vumbi wala chaja isiyotambulika. Watu wengi wamelipa makuta ya kufomati, mashine ikaenda vizuri siku chache, kisha ikarudi palepale, na picha za familia zimeshapotea. Muulize fundi mambo mawili tu: afya ya diski umeiona? Mwendo wa prosesa umeutazama? Fundi mzuri hatakasirika kuulizwa hivyo.

Kama kufomati ni lazima, hati zako zitoke kwanza, na uzifungue kwenye mashine nyingine uhakikishe zinafunguka. Kuona majina ya faili pekee hakutoshi.

## Diski

5. Disque iko 100% muda wote, na sifanyi kitu. Kwa nini?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, na linahusu zaidi mashine zenye diski ya kuzunguka, HDD. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5400 kwa dakika kwenye laptopu, na kichwa kinachohama huku na huku kutafuta data. Ikisoma faili moja kubwa iliyonyooka, hufika karibu MB 100 kwa sekunde. Ikiombwa vipande vidogo vilivyotawanyika, na Windows ikiwaka ndicho inachoomba, hushuka hadi MB 1 au chini yake. Kwa hiyo diski inaweza kuwa 100% huku inatoa data kidogo sana.

Kwenye Performance, chagua Disque na utazame Temps de réponse moyen. Makumi ya milisekunde kwa HDD yenye kazi ni kawaida. Ikikaa kwenye mamia mengi au maelfu ilhali hakuna kinachonakiliwa, diski yenyewe inashukiwa: inajaribu kusoma sehemu iliyoharibika, inashindwa, inarudia. Nenda swali la 6 mara moja.

Kama muda wa majibu ni wa wastani, rudi kwenye Processus na ubofye kichwa cha safu ya Disque ili programu zenye kula zaidi zipande juu. Mara nyingi utakuta Windows Update au antivirus, ambazo zimeelezwa kwenye swali la 15 na la 17.

6. Nitajuaje kama diski inakufa?

Sikiliza kwanza. Mlio wa kugonga, tak, tak, tak, kisha kimya, kisha tena, ni dalili mbaya sana. Dalili nyingine ni folda moja inayogandisha mashine kila ukiifungua, faili zinazokataa kunakiliwa, na Windows kutengeneza diski yenyewe kila inapowaka.

Kwa uhakika, tumia CrystalDiskInfo. Ni ya bure na nyepesi, unaweza kuipata kwa rafiki kwenye kle, yaani flashi ya USB. Rangi ya buluu ni nzuri, ya njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Tazama mistari ya 05, C5 na C6, ambayo inahusu sehemu za diski zilizoharibika au zisizosomeka. Hesabu ikiwa si sifuri na inaongezeka kutoka siku hadi siku, usiiamini tena diski hiyo, hata kama leo inaenda.

7. Diski ni mbovu na hati zangu ziko ndani. Nifanye nini sasa hivi?

Acha kuitumia kwa kazi nyingine. Usiendeshe chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski), usifomati, usiweke programu mpya: kila moja ya hizo huilazimisha diski iliyochoka kusoma na kuandika tena na tena. Chomeka diski ya nje au kle, anza na hati zisizopatikana kwingine, yaani TFC, hesabu za duka na picha, kisha mengine. Nakili folda moja moja. Ikikwama kwenye faili fulani, iache na usonge mbele, utairudia mwishoni.

Kama Windows haiwaki kabisa, fundi anaweza kuitoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine kwa kebo ya SATA ya kwenda USB, au kuwasha Linux (mfumo mbadala wa Windows) kutoka kwenye kle. Kama inagonga, iache imezimwa mpaka umpate mtu anayejua kazi hiyo.

8. Diski C imejaa nyekundu. Ndiyo sababu?

Inaweza. Windows inahitaji nafasi ya kupumua kwa faili za muda na kwa kumbukumbu inayomwagika kutoka RAM, ile Mémoire inayobeba kazi zilizo wazi. Bakisha angalau 10 hadi 15%. Anza na Téléchargements na video za WhatsApp, toa vitu kwenye Corbeille, kisha fungua Nettoyage de disque na ubofye Nettoyer les fichiers système. Ukiona Installations Windows précédentes, hapo huwa kuna GB nyingi za kurudisha. Ila usifute kitu ndani ya folda ya Windows kwa mkono.

9. Kubeba laptopu kwenye pikipiki kunaharibu diski?

HDD, ndiyo, kama mashine iko hai. Barabara zetu za mawe ya volkano zinarusha, na kichwa cha diski kinaelea juu ya sahani kwa umbali usioonekana kwa jicho. Kufunga kifuniko si kuzima: mashine huchelewa kulala, na nyingine huamka zenyewe ndani ya begi na kupata joto. Bonyeza Arrêter, subiri taa izime, ndipo upande pikipiki. SSD, yaani diski ya chipu, haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hofu hii haiihusu.

## Joto, vumbi na umeme

10. Inawaka vizuri, lakini baada ya nusu saa feni inapiga kelele na kila kitu kinakuwa kizito.

Hilo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100, hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, kama mwendesha chukudu (skuta ya mbao ya mizigo) anayebana breki kwenye mteremko. Ikipoa inapanda tena, ndiyo maana uzito huja na kuondoka.

Fungua kifuniko cha chini cha laptopu iliyotumika miaka mitatu Majengo au Ndosho na utaelewa. Kati ya feni na mapezi ya chuma kuna utando mweusi: vumbi la mawe ya volkano limeshikana na nyuzi za nguo na blanketi, nene kiasi kwamba unaweza kuutoa kwa vidole ukiwa kipande kimoja. Feni inazunguka kwa nguvu zote, lakini hewa haina pa kutokea.

Kabla ya kufungua, weka mashine juu ya meza, si juu ya kitanda, inua nyuma yake kidogo na ujaribu tena. Nafuu ikionekana, umeshapata ugonjwa.

11. Naweza kuisafisha mwenyewe?

Kama una bisibisi ndogo na subira, ndiyo. Zima, chomoa chaja, tenganisha betri. Shikilia feni isizunguke huku unapuliza, toa ule utando, safisha kwa brashi laini. Pasta kati ya prosesa na bomba la joto ikiwa imekauka, ifute kwa alkoholi na upake mpya, kiasi kidogo tu. Usiende kupuliza kwa kompresa ya mafundi wa matairi: ina nguvu mno, na hewa yake hubeba maji na mafuta.

Betri ukiikuta imevimba, simama hapo. Usiibonyeze, usiitoboe, mpelekee fundi.

12. Nikichomeka chaja inakuwa nzito, nikichomoa inaenda. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, na watu wameuza mashine nzima kwa sababu ya kosa hili dogo. Laptopu nyingi za Dell, na baadhi za HP, huiuliza chaja: wewe ni ya wati ngapi? Jibu hupita kwenye pini nyembamba iliyo katikati ya kichwa cha chaja. Pini ikipinda, waya wake ukikatika ndani ya kebo, au chaja ikiwa ya kuiga, jibu halifiki. Mashine hapo huogopa kuvuta umeme mwingi, huacha kuchaji betri na kubana prosesa mpaka mwendo wa chini kabisa. Ndipo unapoona ile 0,4 au 0,8 GHz ya swali la 2.

Jaribio lake ni la dakika moja: fungua Performance, chomoa chaja, tazama Vitesse. Ikiruka juu papo hapo, shida ni chaja au tundu lake. Kwenye Dell, bonyeza F2 inapowaka, na BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayoanza kabla ya Windows, itakuonyesha kama chaja imetambulika. Ukienda kununua nyingine Birere, nenda na laptopu yako, omba kuijaribu palepale, na uhakikishe wati hazipungui zile zilizoandikwa kwenye chaja ya mwanzo. Kutoshea kwenye tundu hakutoshi.

Pia kuna mashine zinazojipunguza mwendo betri ikitolewa au ikifa kabisa, kwa sababu chaja peke yake haiwezi kubeba kilele cha matumizi.

13. Ilianza baada ya umeme kukatika.

Kama betri haishiki chaji, kila umeme unapokatika mashine yako huzimika katikati ya kuandika. Faili za mfumo huharibika, na HDD huumia. Angalia kwanza afya ya diski, swali la 6. Ikiwa nzima, na hapo tu, fungua Invite de commandes (dirisha la kuandika amri) kama administrateur na uandike mistari hii mmoja baada ya mwingine:

chkdsk C: /f

sfc /scannow

Wa kwanza utakuomba ukubali kusubiri mashine iwake upya. Kubali. Na tafuta betri inayoshika hata nusu saa.

14. Je, mwinuko wa Goma unaathiri?

Tuko karibu mita 1.500. Diski za kawaida zimeruhusiwa kufanya kazi hadi mita 3.000 hivi. Hapana.

## Intaneti, virusi na programu

15. Ilikuwa nzima mpaka nilipoiunganisha kwenye intaneti.

Mashine iliyokaa wiki au miezi bila mega, yaani data ya intaneti, ina deni. Ikiona mtandao tu, Windows Update, antivirus, kivinjari na duka la programu huanza kushusha vyote kwa pamoja, na HDD hulemewa. Ukipata Wi-Fi isiyohesabu mega, iache imechomekwa usiku mzima imalize. Kama unatumia mega za simu, nenda Paramètres, Réseau et Internet, fungua mtandao wako na uwashe Connexion limitée. Masasisho mengi yatasubiri.

16. Nilichapisha kazi kwenye sekretarieti (duka la kuchapisha), tangu hapo kle ina njia za mkato tu na mashine ni nzito.

Ni virusi vya kle. Hati zako kwa kawaida hazijafutwa, zimefichwa, na mahali pake kuna njia za mkato ambazo ukizibofya zinaambukiza mashine. Usizibofye. Kwenye Gestionnaire des tâches tafuta wscript.exe: ikiwepo bila wewe kujua sababu, isimamishe. Endesha analyse hors connexion kwenye Sécurité Windows. Kisha, kama kle ni herufi E, andika kwenye Invite de commandes:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hati zikionekana, zinakili pembeni, futa njia za mkato, fomati kle. Siku nyingine peleka kazi yako ikiwa PDF kwenye kle isiyo na kitu kingine.

17. Nina antivirus mbili na Windows ya kuvunja, isiyo na leseni. Zinachangia?

Antivirus mbili zikilinda kwa wakati mmoja hukagua kila faili mara mbili na kugombana. Bakisha moja. Defender inayokuja na Windows inawatosha wengi, mradi isasishwe.

Programu za kuvunja Windows na Office ni jambo zito zaidi, kwa sababu hukuomba uzime antivirus kabla ya kuziweka. Baadhi hubeba programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa prosesa yako. Dalili yake: feni inakimbia ukiiacha, na Processeur inashuka ghafla ukifungua Gestionnaire des tâches, maana wameiandika ijifiche. Hapa kufomati ni halali, kwa kufuata tahadhari za swali la 4.

18. Ni kivinjari tu kinachogandisha.

Kwa RAM ya GB 4, kurasa kumi wazi pamoja na WhatsApp zinatosha kuijaza. Funga kurasa, ondoa viongezi usivyovijua. Halafu kwenye Gestionnaire des tâches fungua Démarrage na uzime vinavyojiwasha bila kualikwa.

## Kabla ya kutoa dola

19. RAM au SSD kwanza?

Kama bado una HDD, SSD. SSD ya SATA husoma hadi MB 500 kwa sekunde, lakini faida kubwa iko kwenye vile vipande vidogo vya swali la 5, ambako tofauti ni ya mara nyingi zaidi. RAM ifuate ikiwa Mémoire inajaa katika kazi zako za kila siku. Kwenda GB 8 kunatosha kwa Word, Excel na kivinjari.

Leseni halali ya Windows 10 iliyofungwa kwenye ubao mkuu hubaki ukibadilisha diski. Usilipie tena.

20. Ninunue aina gani?

Kwa SSD ya kuchukua nafasi ya HDD, ni ya inchi 2,5. Zile ndogo za M.2 zina aina mbili, SATA na NVMe, na si kila tundu linakubali zote. Kwa RAM, DDR3 na DDR4 haziingiliani, pengo la katikati liko mahali tofauti. Laptopu nyingi za 2013 hadi 2015 zinataka DDR3L ya volti 1,35. Njia salama ni kutoa ile ya zamani na kwenda nayo dukani.

21. Nitajuaje kama SSD ni bandia?

Uwezo mkubwa kwa bei ya kuchekesha ni onyo. Nyingine huandika TB 1 na ndani kuna GB chache, zinazoandika juu ya data ya zamani zikijaa. Kabla ya kuweka hati, ijaze yote kwa programu ya H2testw, ambayo huandika kisha husoma kuhakikisha. Patana na muuzaji mapema kwamba utairudisha ikishindwa.

22. Windows 10 imeisha. Nihamie 11, au Linux?

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo halikufanya mashine iwe nzito, limepunguza usalama wake. Windows 11 rasmi inahitaji TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea kwa sehemu kubwa. Kuilazimisha kwenye mashine ya 2013 yenye HDD ni kujiongezea mateso. Kama kazi yako ni kuandika na kivinjari, Linux Mint ya Xfce inaenda vizuri kwa GB 4. Ijaribu kwanza kutoka kwenye kle, bila kugusa diski.

## Kesi za pembeni

23. Nimeweka RAM ya GB 8, inaonyesha GB 3 na kitu tu.

Angalia Système, Type du système. Ikiandika 32 bits, fundi aliweka Windows isiyoweza kutumia zaidi ya GB 4 hivi. Inahitajika Windows ya 64 bits, na hiyo inamaanisha kuiweka upya.

24. Yangu ni ndogo, ina GB 32 za ndani. Naweza kuweka SSD?

Mara nyingi hapana. Nyingi ya hizo zina eMMC, hifadhi ya chipu iliyochomelewa kwenye ubao, na Windows peke yake inakaribia kuijaza. Weka hati kwenye kadi ya kumbukumbu, au iweke Linux nyepesi.

25. Hata BIOS inajikokota, kabla Windows haijaanza.

Basi Windows haina kosa na usikubali kulipia kufomati. Zima, tenganisha HDD, ingia BIOS tena. Ikiwa nyepesi, diski mbovu ndiyo ilikuwa ikiizuia. Ikibaki nzito, chomoa chaja kama kwenye swali la 12, kisha jaribu kipande kimoja kimoja cha RAM. Ikishindikana hapo, ni ubao mkuu, na kwa laptopu ya umri huo, bei ya kuutengeneza ilinganishe na bei ya mashine nyingine iliyotumika kabla hujaiacha kwa fundi.